Mushahara wa chini na mashini ya pamba: mambo ya Delta ya Mississippi, 1938–1967

Swali moja larudi mara nyingi kati ya watu wa kazi, nao huwauliza mapadri na wakatekista wao: Serikali ikiweka sheria ya mushahara wa chini, yaani kipimo ambacho patroni hana ruhusa ya kulipa chini yake, je, sheria ile inamusaidia mutumishi kweli, ao inamufukuza kazini? Kwa maana wako wanaosema: «Mukono ukipanda bei, patroni atanunua mashini. Leo munaomba feza zaidi, kesho hamutapata hata zile kidogo.» Na wengine wanajibu: «Hayo ni maneno ya matajiri, wanatutisha tu tusidai haki yetu.»

Sisi hatupendi kukata shauri hili kwa maneno matupu. Wazee wa Roma walisema kwamba historia ni mwalimu wa maisha. Basi tumuulize mwalimu huyu. Tumechagua inchi iliyo mbali nasi, lakini yenye kazi tunayoijua, ni kazi ya pamba. Huko, katika miaka isiyopita 30, sheria ya mushahara na mashini zilikutana uso kwa uso, na watu elfu nyingi walikuwa katikati yao. Tuone kwanza mambo yalivyotokea. Kiisha tutajiuliza yanatufundisha nini.

I. Inchi na watu wake

Katika jimbo la Mississippi, kusini ya Marekani, kuna inchi tambarare kati ya muto Mississippi na muto Yazoo. Wenyeji wanaiita Delta. Urefu wake ni kilometa 300 hivi, na udongo wake mweusi umeletwa na mafuriko ya muto tangu zamani za kale. Pamba inastawi sana pale.

Mbele ya mwaka 1865 pamba ile ililimwa na watumwa Weusi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka ule, watumwa walipata uhuru, lakini hawakupata udongo. Mashamba yalibaki mikononi mwa mabwana wa zamani. Ndipo ilipoanza desturi ya kulima kwa nusu: mwenye shamba anatoa udongo, nyumba, nyumbu, mbegu, na chakula cha mukopo, mulimaji anatoa mikono yake, ya muke wake na ya watoto wake. Mwisho wa mwaka pamba inagawanywa mara mbili. Lakini kitabu cha madeni kiliandikwa na mwenye shamba peke yake, na mara nyingi mulimaji, kisha kuvuna, aliambiwa kwamba bado ana deni. Basi alianza mwaka mupya akiwa amefungwa na mwaka uliopita.

Wazee wetu wa Maniema, wa Uele na wa Lomami hawahitaji maelezo marefu juu ya kazi ya pamba. Tangu 1917 serikali ya Wabeljiji iliwalazimisha watu wa vijiji kuilima, nao wanajua ginsi kuivuna kunavyochokesha mugongo na kuchubua vidole. Katika Delta ilikuwa vilevile. Kazi zenye kuhitaji watu wengi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni palizi, kati ya mwezi wa tano na wa saba: kupunguza miche na kukata majani mabaya kwa jembe. Ya pili ni mavuno, tangu mwezi wa tisa. Mutu hodari aliweza kuvuna kilo 90 hivi kwa siku nzima, akikokota mufuko mrefu kati ya mistari.

Tushike vema kazi hizi mbili, palizi na mavuno. Mashini haikuziondoa siku moja. Iliondoa mavuno kwanza, na palizi baadaye. Na katikati ya siku hizo mbili ndipo sheria ilipoingia.

II. Sheria ya 1938, na wale walioachwa inje

Siku ya 25 Juni 1938, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kwanza ya mushahara wa chini kwa Marekani nzima. Ilianza kutumika 24 Oktoba ya mwaka ule. Patroni alilazimishwa kulipa senti 25 kwa saa, na kipimo kile kilipangwa kupanda hata senti 40.

Ni vema wanaseminari wajue kwamba padri mumoja alikuwa ametayarisha njia ya sheria ile kwa miaka mingi. Jina lake ni John A. Ryan, aliyezaliwa mwaka 1869 katika jimbo la Minnesota, mwana wa walimaji. Alikuwa amesoma barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891, Rerum Novarum. Ndani yake Baba Mtakatifu alifundisha kwamba mapatano ya patroni na mutumishi hayatoshi, kama mushahara hautoshi kumulisha mutumishi mwenye akili na kiasi. Mwaka 1906 Padri Ryan alitoa kitabu juu ya mushahara wa kuishi. Mwaka 1919 maaskofu wa Marekani walitangaza azimio lao juu ya matengenezo ya jamii kisha vita, nalo liliandikwa na Padri Ryan. Humo waliomba sheria ya mushahara wa chini. Wengi waliwaona kama watu wenye ndoto. Miaka 19 baadaye ndoto ile ilikuwa sheria.

Lakini sheria ya 1938 ilikuwa na mulango uliofungwa. Watu wa mashamba waliachwa inje, na watumishi wa nyumbani vilevile. Sababu yake haikufichika. Wajumbe wa majimbo ya kusini walikuwa na nguvu nyingi katika Bunge, na bila kura zao sheria isingepita. Na kusini, Weusi walio wengi walifanya kazi mahali pawili tu: shambani, ao jikoni mwa mwingine. Basi sheria iliyowalinda watu wa viwanda iliwapita wale waliokuwa maskini kuliko wote. Watu wa mashamba walingoja miaka 28 nyingine.

Tukumbuke neno hili, kwa maana ndilo mzizi wa mambo yote yanayofuata.

III. Mashini yaja bila kungoja sheria

Wandugu wawili, John Rust na Mack Rust, watoto wa walimaji wa Texas, walitafuta kwa miaka mingi mashini ya kuvuna pamba. Shida ilikuwa hii: pamba haikomai yote siku moja, na mashini za wengine zilivunja miti ao zilikamata majani pamoja na pamba. John alikumbuka kwamba pamba hushikamana na chuma chenye maji. Akatengeneza vijiti vya chuma vyenye kulowanishwa, vinavyozunguka na kuvuta pamba kutoka ganda lake. Siku ya 31 Agosti 1936, huko Stoneville katikati ya Delta, mashini yao ilivuna mbele ya watu wengi.

Watu waliogopa. Gazeti moja la Jackson liliandika kwamba afazali mashini ile itupwe ndani ya muto Mississippi. Na ajabu, wandugu Rust wenyewe waliogopa pia. Walikuwa watu wenye kupenda maskini, nao hawakutaka kazi ya akili yao iwaondolee wengine mukate. Walifikiri kutoiuza mashini, ila kuikodisha tu, na kwa patroni anayekubali mapatano: alipe mushahara wa chini, aweke mupaka wa saa za kazi, asitumie watoto. Shauri lile halikufaulu. Hawakuwa na mali ya kutosha ya kutengeneza mashini nyingi, na kompani kubwa zilikuwa zinatafuta njia zao.

Siku ya 2 Oktoba 1944, katika shamba la Hopson karibu na muji wa Clarksdale, kompani ya International Harvester ilionyesha mashini 8 nyekundu zikivuna pamoja. Kila mashini ilivuna kilo 450 hivi kwa saa moja. Mutu alivuna kilo 9. Mwenye shamba alipiga hesabu yake: robota moja ya pamba iliyovunwa kwa mashini ilimugarimu dola 5,26, iliyovunwa kwa mikono, dola 39,41. Mashini moja ilikuwa mikono ya watu 50.

Kwa nini mapatroni waliitazama mashini kwa hamu namna ile? Kwa kuwa mikono ilikuwa imeanza kupunguka. Vita ilikuwa imewaita vijana, na viwanda vya Chicago na vya miji mingine ya kaskazini vililipa vizuri zaidi. Watu walipanda gari la moshi wakaenda. Waliobaki waliweza kuomba bei kubwa zaidi kwa kila mufuko wa pamba. Na mapatroni wakafanya nini? Mwaka 1945, kwa ombi lao, Serikali iliweka kipimo juu ya malipo ya mavuno katika Delta. Lakini kilikuwa kipimo cha juu, ambacho mushahara haukuruhusiwa kukipita! Watu wale wale waliosema kwamba Serikali isiingie katika mapatano ya shamba ndio walioiomba iingie, ili malipo yasipande.

Kisha vita mashini zilienea. Mwaka 1950 zilivuna chini ya sehemu 1 kwa 10 ya pamba ya Marekani. Mwaka 1960 zilivuna karibu nusu. Mwisho wa miaka ya 1960 zilivuna karibu yote. Kati ya 1940 na 1970 Weusi milioni 5 hivi walihama kusini. Wengine walivutwa na mishahara ya kaskazini, wengine walisukumwa na mashini, na katika nyumba nyingi sababu hizo mbili zilikutana.

Hapa tusimame kidogo. Wakati huu wote, tangu 1944, hakukuwa na sheria yo yote ya mushahara wa chini mashambani. Mukono wa Mweusi wa Delta ulikuwa kati ya mikono iliyolipwa kidogo kuliko yote Marekani. Hata hivyo mashini ilikuja. Basi wale wanaosema kwamba mushahara mudogo ni ngao ya mutumishi, watuonyeshe ngao ile ilimukinga nani katika Delta. Ilichelewesha mashini kidogo, na garama ya kuichelewesha ililipwa na watoto wenye njaa.

IV. Palizi, mugomo na sheria ya 1966

Mashini ilikuwa imechukua mavuno, lakini palizi ilibaki. Kwa hiyo wenye mashamba hawakuhitaji tena mulimaji wa nusu mwenye kukaa mwaka mzima; walihitaji vibarua wa majuma machache. Familia nyingi zilitoka katika hali ya mulimaji na kuingia katika hali ya kibarua. Katika miaka ya 1960 kibarua wa palizi alilipwa dola 3 kwa siku, tangu jua kutoka hata jua kuzama. Ukihesabu saa 10, ni senti 30 kwa saa. Wakati huohuo mushahara wa chini wa viwandani ulikuwa dola 1,25.

Mwezi wa Aprili 1965, huko Shaw, vibarua walianzisha sendika yao na kufanya mugomo. Waliomba dola 1,25 kwa saa, kama watu wengine. Mugomo ulienea katika wilaya zingine, na watu mamia waliacha jembe. Lakini sendika ilikuwa maskini. Wagomaji walifukuzwa katika nyumba za mapatroni. Wengine walikaa ndani ya mahema karibu na Leland. Mapatroni walitafuta vibarua wengine, wakanunua dawa za kuua majani, na pamba ikapaliliwa. Mugomo ukafifia.

Tuongeze jambo lingine, kwa maana hesabu ya feza peke yake haielezi yote. Katika wilaya nyingi za Delta Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, lakini walizuiwa kupiga kura. Siku ya 31 Agosti 1962, Bibi Fannie Lou Hamer, mutoto wa walimaji wa nusu, alikwenda Indianola kuandikisha jina lake awe mupiga kura. Siku ileile alifukuzwa katika shamba alilotumikia miaka 18. Mwaka 1965 sheria mupya ya Marekani iliwafungulia Weusi mulango wa kura. Tangu pale, familia ya Weusi iliyokaa shambani haikuwa tena mikono tu. Ilikuwa pia kura. Mapatroni wengi waliona kwamba watu wale sasa ni mzigo wa namna mbili: kazi yao haihitajiwi sana, na kura zao zinaogopwa.

Ndipo ilipokuja sheria ya 23 Septemba 1966. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi, nayo ilifungua ule mulango uliofungwa 1938. Tangu 1 Februari 1967, mashamba makubwa yalilazimishwa kulipa dola 1 kwa saa. Mwaka 1968 dola 1,15. Mwaka 1969 dola 1,30.

Tupige hesabu kama patroni anavyopiga. Kutoka senti 30 hata dola 1 ni zaidi ya mara tatu, na kwa siku moja. Ku upande mwingine, dawa ya kuua majani iko tayari dukani. Tena Serikali yenyewe, kwa shauri lingine, tangu 1966 inamulipa patroni ili apunguze eneo la pamba yake. Basi katika majira ya palizi ya 1967, watu elfu nyingi walingoja lori la kuwapeleka shambani, na lori halikufika. Wachache walioitwa walilipwa kuliko zamani. Wengine hawakupata kitu.

Na hawakuwa na pa kukimbilia. Katika wilaya nyingi Serikali ilikuwa imeacha kugawa chakula cha bure, ikaleta hati za chakula zenye kununuliwa kwa bei ndogo. Lakini familia isiyopata hata senti itanunua hati kwa nini? Mwezi wa Aprili 1967 Senata Robert Kennedy na Senata Joseph Clark walifika Delta. Katika nyumba za Cleveland walikuta watoto wenye matumbo yaliyovimba kwa njaa, katika inchi iliyo tajiri kuliko zote za dunia. Habari ile ilishtua Marekani nzima.

Basi tuseme bila kuficha: ndiyo, katika Delta sheria ya mushahara iliharakisha kuondolewa kwa vibarua. Anayekana jambo hili hasemi kweli, na haki haihitaji musaada wa uongo.

V. Sheria moja, matunda mawili

Lakini historia haiishii pale. Sheria ileile ya 1966 haikugusa mashamba peke yake. Iliingia pia katika hoteli, mikahawa, masomo, lopitalo, nyumba za kutunza wazee na nyumba za kufulia nguo. Karibu sehemu 1 kwa 3 ya watumishi Weusi wa Marekani walikuwa katika kazi zile zilizofunikwa na sheria mupya.

Mwaka 2021 wanawake wawili wenye elimu ya uchumi, Ellora Derenoncourt na Claire Montialoux, walitangaza uchunguzi wao juu ya sheria hii. Walikuta kwamba mishahara ya watu wale ilipanda kweli, na kwamba kazi hazikupunguka kwa kadiri kubwa kama ilivyoogopwa. Tena walionyesha kwamba zaidi ya sehemu 1 kwa 5 ya kupunguka kwa tofauti ya mapato kati ya Weusi na Wazungu, katika mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, ilitokana na sheria hii.

Namna gani sheria moja inazaa matunda mawili? Tutofautishe. Mwanamuke anayetandika vitanda vya hoteli, ao anayemuosha mugonjwa, hakuwa na mashini iliyongoja mulangoni kuchukua pahali pake. Patroni wake alimulipa zaidi, akapunguza faida kidogo ao akapandisha bei kidogo, na kazi ikaendelea. Lakini kibarua wa palizi alikuwa ndani ya kazi ambayo nusu yake ilikwisha kuchukuliwa na mashini. Dawa ya nusu ya pili ilikuwa tayari, na patroni wake alikuwa na sababu zingine za kutaka aende. Sheria haikuivumbua mashini ile wala dawa ile. Ilikuta vyote viwili viko tayari, ikapanga saa tu ya kuvitumia.

Ndiyo maana twasema kwamba kosa kubwa halikuwa la 1966. Lilikuwa la 1938. Kama mushahara wa haki ungewafikia watu wa shamba pamoja na watu wa kiwanda, ungewafikia miaka 6 mbele ya mashini za Hopson. Ungepanda pole pole, senti kwa senti, wakati mikono yao ilikuwa ingali inahitajiwa. Familia zingepata akiba kidogo, watoto wangekaa masomoni mwezi wa tisa badala ya kukokota mufuko, na wazazi wangenunua kipande cha udongo ao wangejifunza kazi nyingine. Hatusemi kwamba mashini isingekuja. Pengine ingekuja mbele zaidi. Twasema kwamba ingewakuta watu wenye kitu mkononi. Haki iliyocheleweshwa miaka 28 ilifika siku ambapo aliyengojewa kulipwa hakuhitajiwa tena.

VI. Maneno yanayopingwa, na majibu yetu

Mutu atasema: «Kama ni hivyo, ilifaa sheria isije kabisa mwaka 1967. Dola 3 ni bora kuliko bure.» Neno hili si la kuzarauliwa. Kwa mama wa Cleveland, dola 3 zilikuwa unga wa siku ile. Lakini tutazame vizuri. Mugomo wa 1965 haukupata sheria yo yote, na hata hivyo mapatroni walijibu kwa dawa. Kazi ya senti 30 ilikuwa inakufa. Swali lilikuwa tu kama itakufa mwaka huu ao mwaka kesho. Aliyetaka kumusaidia mama yule kweli hakupaswa kumulindia senti 30 zake. Alipaswa kumutayarishia njia nyingine: chakula wakati wa ngazi, masomo ya kazi, udongo wa kulima. Mambo haya yalikosekana. Serikali ilipandisha mushahara kwa mukono mumoja, ikamulipa patroni apunguze shamba kwa mukono wa pili, na haikuwa na mukono wa tatu kwa ajili ya waliofukuzwa.

Mwingine atasema: «Basi mashini ni adui, na tuikatae.» Sivyo. Hakuna mutu aliyevuna pamba kwa vidole miaka 20 anayelilia kazi ile kwa sababu ya utamu wake. Mashini iliwaondolea wana wa Adamu kazi ya kuvunja mugongo. Ubaya wake ulikuwa katika ugawanyi: tofauti ya dola 34 katika kila robota iliingia mufuko wa mumoja, na hasara yote ikaingia nyumba ya mwingine. Wandugu Rust waliliona jambo hili mapema walipotaka mashini yao iende pamoja na mushahara wa chini, wala si kinyume chake. Walikosa nguvu, lakini hawakukosa akili.

Wa tatu atauliza: «Na siku zetu?» Mabishano yangali yale yale. Mwaka 2018 wachunguzi Grace Lordan na David Neumark walionyesha kwamba katika Marekani, kati ya 1980 na 2015, kupanda kwa mushahara wa chini kulipunguza kwa kiasi kazi za watu wenye elimu ndogo katika zile kazi ambazo mashini inaweza kuzifanya. Mbele yao, David Card na Alan Krueger walichunguza mikahawa 410 ya New Jersey na Pennsylvania, wakati New Jersey ilipopandisha mushahara toka dola 4,25 hata 5,05 mwaka 1992, nao hawakuona kazi zikipunguka. Watu wanadhani kwamba uchunguzi huu na ule unapigana. Aliyesoma mambo ya Delta hatashangaa: inategemea kazi gani, na kama mashini yake iko tayari. Tena, vioo vya kuagizia chakula bila muuzaji vimeenea katika mikahawa ya majimbo yenye mushahara mkubwa, na vilevile katika majimbo yaliyobaki na dola 7,25 iliyowekwa mwaka 2009. Mushahara mudogo haukuvizuia kule, kama senti 30 hazikuizuia mashini ya pamba.

Basi padri ao mukatekista akiulizwa na watu wa kazi, asijibu upesi «ndiyo» wala «hapana». Awaulize kwanza mambo matatu. Mashini ya kazi yenu, je, iko tayari ao bado? Sheria inawafikia wote, ao inawaacha inje walio maskini kuliko wote? Na siku kazi itakapopunguka, ni nani aliye na udongo, nyumba, masomo na kura: ninyi, ao patroni peke yake? Katika Delta majibu ya maswali haya yalijulikana tangu 1944, siku zile mashini 8 zilipopita mashambani mwa Hopson. Wenye mamlaka walikuwa na miaka 22 ya kutayarisha watu, na hawakuitumia. Watu wa kazi wenyewe waliulizwa neno mwaka 1965 tu, walipojiuliza wenyewe kwa mugomo, na wakati ule palizi ilikuwa imebaki na majira mawili.